Chemchemi Aliyoificha Baba

Ranchi ya Tolliver,
Bonde la Chumvi, Oregon.
19 Agosti, 1934.

Mpendwa kaka Lowell,

Hujambo huko Alaska? Kifua kimepona? Hapa tunapumua tu. Mimi mzima, Baba amekonda, lakini bado anapanda farasi.

Mvua hatujaiona tangu Februari. Pampu ya upepo inazunguka kutwa, inatoa mchanga. Ng'ombe thelathini na mmoja wamekufa, na waliobaki walikuwa wakilamba mabirika makavu.

Jumanne asubuhi walivunja ua wa kaskazini, ule ambao Baba alitukataza kuuvuka. Niliwafuata nikidhani nitakuta mizoga. Niliwakuta chini ya jabali, wanakunywa. Lowell, ile chemchemi tuliyoambiwa imekauka mwaka ule Mama alipoondoka, imejaa hadi ukingoni. Kando yake pana rundo la mawe, urefu wake kama wa mtu aliyelala.

Baba akaja nyuma yangu. Hakushuka kwenye farasi.

"Waondoe hapo, Nettie."

"Wana kiu, Baba. Nani yuko chini ya mawe haya?"

"Unamjua."

"Si ulisema Mama alikwenda Kalifonia?"

Alivua kofia. "Nilimtoa majini kwa mikono hii. Mifuko ya aproni alikuwa ameijaza mawe. Ningewaambia nini, mwanangu? Niliona heri mumchukie akiwa hai."

Miaka kumi na miwili, kaka. Muda wote huo namtukana moyoni, kumbe yuko maili nne tu kutoka jikoni kwetu. Na Baba alikuwa radhi kupoteza kundi zima kuliko kuona mnyama akinywa pale.

Sikuwaondoa. Baba alitazama hadi ng'ombe wa mwisho aliposhiba, kisha akaninyooshea chupa yake niijaze. Akanywa macho ameyafumba.

Najua uliondoka kwa sababu ya kumkasirikia Mama. Huna tena wa kumkasirikia. Ukipata nafasi, njoo tumwekee jiwe lenye jina lake.

Nisalimie wifi Hattie na wanao wote. Baba anakusalimu; alisema nikuandikie kila kitu, nisifiche.

Sasa maji ya kupikia tunayateka kule. Kila nikiinama na ndoo, kuna mwanamke ananitazama kutoka chini. Ni sura yangu, najua. Lakini siku hizi nachelewa kuinuka.

Mungu akulinde na baridi ya huko.

Dada yako akupendaye,
Nettie