Maji ya Kanisa

Kanyangi, Jumanne, Septemba 1934

Siku moja tu! Jirani yetu Mutua, aliyepika pombe miaka yote na kutucheka tukienda ibada, ameamini leo asubuhi akiwa mahututi, na mwalimu wa kanisa anasema mbinguni atapokelewa sawasawa na mimi.

Sawasawa na mimi! Miaka minne nimebeba maji kutoka mtoni, kibuyu mgongoni, kamba ikinikata paji la uso, ili udongo wa kuta za kanisa ukandwe. Nilikuwa nikijiona siku ya hukumu nikiitwa mbele, kwa jina.

Nilipita kwake na maji wakati mwalimu anamwombea. Mutua alikuwa anatabasamu. Mimi sijawahi kutabasamu hivyo kanisani, hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Akaniona mlangoni. "Mama Mwende, nipe maji kidogo. Mke wangu bado hajarudi kutoka mtoni."

Nikamwambia, "Haya ni ya kanisa."

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Sijui kama alisikia.

"Haya, mama," Mutua akasema. "Umetoka nayo mbali."

Alikufa kabla mke wake hajafika.

Nilipofika kanisani fundi akaniambia kuta zilikwisha jana, maji hayatakiwi tena. Nikarudi nayo.

Kibuyu kiko hapa kando ya kitanda, kimejaa. Nina kiu tangu mchana, na siwezi kuyanywa.