Siku Ambayo Kisarawe Hawakutakiwa Kuijua

Jumatatu, 4 Agosti

Mama Zuhura wa Pangani, Kibaha, anasikitika kutangaza kifo cha kandambili yake ya kushoto, kilichotokea leo asubuhi uani baada ya kuugua mkanda kwa muda mrefu. Marehemu ameacha mwenzake wa kulia. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote walioko Maili Moja, Mlandizi na Kisarawe.

Mazishi nyuma ya banda la kuku. Sikuinama kuiokota, niliisukuma kwa mguu. Kuinama kumekwisha tangu mwezi wa sita. Wanasema mimba ni heri. Hawasemi kwamba ukiwa na miaka arobaini na tatu heri yenyewe inakalia kibofu.

Nimeshona sketi moja ya shule, nimefumua nyingine. Miguu imevimba, cherehani inanishinda.

Kesho kliniki, wapige picha ya tumbo. Baba Zuhura kasema anaacha randa zake anisindikize. Zuhura hakusindikizwa. Idi hakusindikizwa. Ana nini huyu?

Jumanne, 5 Agosti

Kondo la nyuma limekaa chini. Limeziba mlango. Daktari, kijana mdogo, ndevu bado zinajadiliana kama ziote, alinichorea: chupa iliyopinduliwa, kizibo kwa ndani. Uchungu ukianza wenyewe nitatoka damu, na damu hiyo inaweza isisimame. Kwa hiyo uchungu haungojwi. Upasuaji wa kupangwa, Alhamisi tarehe 21. Nisibebe ndoo. Nisinywe dawa yoyote ya kuharakisha. Nikiona damu hata tone, nije mbio. Na tutafute ndugu wa kuchangia damu.

Baba Zuhura kasema, "Hilo niachie mimi."

Nilimuuliza daktari anashona mshono gani. Wa ndani, uzi unayeyuka wenyewe. Nikamwambia mimi fundi cherehani, nitaukagua. Akacheka. Mimi nilicheka nusu.

Njiani nimemwapisha mume wangu. Siku haitajwi. Mimba mbili za kwanza sikuitaja, na ilikuwa rahisi maana hata mimi sikuijua. Hii imeandikwa kwenye kadi kama siku ya mnada. Siku ikijulikana, wenye macho nao wanajiandaa. Na hasa Kisarawe, kwao, wasijue. Mama mkwe na wifi Mwajuma. Huyo wifi ndiye aliyesema arusini, sahani ya pilau mkononi, kwamba mwanamke aliyepasuliwa hajazaa, kazalishwa.

Kaapa. Kaapa haraka mno.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba Zuhura kaenda Kisarawe kuangalia mbao. Karudi jioni. Hana mbao. Hana hata vumbi la mbao, shati linanukia sabuni. Kaleta mihogo.

Mwanamke mwingine? Nimeliwaza kidogo. Nikamtazama alivyosinzia kwenye kiti, mdomo wazi, nikaliacha. Kuna kitu kingine. Nilimuuliza habari ya mbao, akasema zimepanda bei. Zimepanda tangu tuoane. Hilo si jibu.

Wateja nawaambia mwezi wa tisa, Mungu akipenda.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama mkwe kaingia. Hakupiga simu. Nikampa shikamoo yake, akaitika marahaba mwanangu, nimekuja kupumzika.

Tangu nimjue, mama huyu hajawahi kupumzika hata msibani. Kaja na kikapu, mkeka, na kifundo kwenye pindo la khanga. Kifundo hakifungui. Nikipita karibu anakishika.

Hajauliza nitazaa lini. Hilo ndilo linalonitisha. Mama mkwe asiyeuliza unazaa lini, anajua unazaa lini.

Jumatano, 13 Agosti

Anachemsha kitu. Kanifukuza jikoni mwangu mwenyewe. Maji yamekuja kikombeni meusi kama dawa ya viatu. Akakamua ndimu. Yakageuka mekundu, hapo hapo, mbele ya macho yangu.

"Kunywa. Usiulize. Dawa ikiulizwa inakufa nguvu."

Nikasema ahsante mama, ngoja yapoe. Nikatoka nacho uani, nikaunywesha mpapai. Sina ugomvi na mama wa watu. Ila daktari kasema dawa ya kuharakisha ndiyo kifo changu, na hapo sitanii.

Jioni kikombe kingine. Mpapai umekunywa tena.

Ijumaa, 15 Agosti

Kliniki. Damu imeshuka. Nesi kaniuliza vidonge vya damu nakunywa au navitazama. Nikasema nakunywa. Ukweli nakunywa siku moja moja, vinanifunga choo. Nani anasimulia choo mbele ya foleni?

Lakini moyoni nimeshakamata mtuhumiwa. Ni kile kikombe. Najua sikinywi. Je, mvuke wake?

Nimejisikia mjinga kuandika hivyo. Nimeliacha neno hapo hapo, lisije likanitoroka.

Jumapili, 17 Agosti

Wifi Mwajuma naye kafika. Na shemeji Salumu, mdogo wao wa mwisho. Nyumba imejaa Kisarawe.

Wanakula maharage kama watu wanaokwenda jeshini. Wanakunywa yale maji mekundu, wote, kwa bilauri. Kwa hiyo si sumu. Au wao wana kinga. Nikiingia sebuleni maneno yanakatika kama uzi mbovu.

Wifi kaniangalia tumbo. "Wifi, umekuwa meli."

"Meli haiulizwi safari," nikamjibu.

Akacheka, kisha akamtazama mama yake. Huko kutazamana sikupendi.

Mama anamhimiza Salumu. Ongeza, baba, aibu isitupate kesho kutwa. Aibu gani? Na kesho kutwa kuna nini?

Jumanne, 19 Agosti

Nimeokota pamba nyuma ya mtungi wa maji. Kipande kidogo. Katikati kina tone la damu.

Asubuhi walitoka wote watatu, wamevaa vizuri, eti wanakwenda Maili Moja kununua viazi. Wamerudi bila viazi. Wifi kajilaza kwenye mkeka. Wifi huwa hajilazi mchana.

Mimi ni mtu wa kliniki. Mambo ya waganga nayachekea. Lakini pamba yenye damu, ndani ya nyumba yako, kisu kesho kutwa, nani atacheka? Nikaitia kwenye mfuko, nikamwekea Baba Zuhura juu ya randa yake. Hii nini?

Kaiangalia muda mrefu. "Nitakueleza Ijumaa."

Nikamwambia, Ijumaa kama nitakuwepo. Akatoka. Karudi magharibi, macho mekundu.

Nimewaza kuhamia kwa dada yangu, kule Janga. Lakini Janga ni mbali na hospitali, na damu haina subira. Nimebaki. Mlango wa chumba nimeufunga kwa ufunguo.

Jumatano, 20 Agosti

Nimelazwa.

Kabla sijatoka nyumbani wifi alitaka kunipaka hina, eti niende nimependeza. Nikamuuliza niende wapi, maana tulishasema nakwenda kliniki tu. Akajing'ata. Sasa nesi kanikagua vidole, kasema vizuri, huna hina wala rangi ya kucha, kuna kidude cha kubana kidole kinataka kucha safi. Kwa hiyo wifi alitaka kuniharibia. Au hakujua. Naandika yote mawili.

Wamenieleza ya kesho. Nile jioni hii mapema, baada ya hapo si chakula si maji. Asubuhi mpira wa mkojo, dripu, sindano ya mgongo. Miguu itakufa ganzi. Nitakuwa macho. Nitasikia kuvutwa, sitasikia maumivu. Nikishazaa nisisimame mpaka waje kunishika. Nesi kasema damu ya akiba ipo. Sikuuliza imetoka wapi. Nadhani ni vijana wa karakana ya Baba Zuhura.

Mama mkwe kaja na chupa ya chai. Si chai, ni yale yale. Nimekataa mbele ya wodi nzima, nikasema sitaki dawa yako, mama. Kafunga kifuniko polepole, kakaa nayo mapajani.

Naogopa kufa. Nimelizungusha kwa utani wiki mbili na nusu, bado lipo.

Alhamisi, 21 Agosti

Msichana. Yupo. Nipo. Kalamu nzito.

Jumapili, 24 Agosti

Sasa naweza kukaa. Nikikohoa nakumbatia mto. Nieleze ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Chumba cha upasuaji kina baridi ya friji. Sindano haikuniuma kama nilivyoogopa. Kazi ilikuwa kupinda mgongo na tumbo lile. Miguu ikaondoka, nikaitazama kama ya mtu mwingine. Nikatetemeka meno, nikadhani woga, wakasema ndiyo ganzi yenyewe. Kuvutwa ni kama mtu anatafuta ufunguo ndani ya mkoba wako na haupati. Halafu kilio. Wakaniletea shavu lake, nikalibusu.

Halafu watu wakaacha kuongea. Hapo ndipo nilipojua. Kondo liligoma kuachia, na damu ikawa inakwenda. Yule daktari kijana sauti ilibadilika, ikawa ya mzee. Nikaona mfuko mwekundu unatundikwa. Kisha mwingine. Nikausikia mkono unapoa, damu ilivyokuwa inaingia. Ningependa kuandika kwamba niliwaza wanangu. Niliwaza ile sketi niliyoifumua, nani atairudishia.

Ijumaa Baba Zuhura akanieleza, kama alivyoahidi. Wenzake wa karakana, mmoja ana presha, waliobaki waliingia mitini. Akabaki yeye peke yake. Ndipo akaenda Kisarawe. Mbao hazikuwepo kabisa. Alikaa kwenye mkeka wa mama yake akavunja kiapo, akaitaja siku. Kasema alichagua nimkasirikie nikiwa hai.

Maji mekundu ni matembele. Yanachemshwa, yanachujwa, yanakamuliwa ndimu. Matembele! Nayala tangu niote meno. Ningeonja tone tu ningejua. Mama alitaka damu yangu ipande, na ya wanawe isikataliwe. Pamba ni ya mkono wa Mwajuma. Salumu alikataliwa pamoja na maharage yote yale, uzito hautoshi. Mama mwenyewe alisimama foleni, wakamwambia umri umepita, akagombana nao. Mwajuma akapiga simu kwao, Jumatano asubuhi wakaja binamu ambao mimi majina yao huwa nayachanganya.

Nilimuuliza nesi niliyopewa ni ya nani.

"Haijulikani, mama. Mnachangia kwenye akiba, unapewa inayokufaa. Pengine ya mtu wa Mafia huko."

Haijasaidia. Kila anayekuja kunitazama anadai ni yake. Binamu mmoja kasema rangi imenirudi ya kwao kabisa. Mwajuma kasema nikianza kupenda umbea nisishangae. Kisha akakaa kitandani, akaangalia bandeji, akasema lile neno la arusini analifuta. Nikamwambia lifutike, ila pilau ile ilikuwa nzuri. Tumecheka. Mshono ukavuta, nikamfukuza.

Nesi naye kaniambia matembele ni mboga nzuri, ila vidonge ni vidonge. Nimeitikia kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nyongeza: juzi wodi nzima ilinisubiri nitoe hewa, maana bila hiyo sipewi uji. Nilipotoa, Baba Zuhura alitaka itangazwe.

Jumatano, 27 Agosti

Nyumbani.

Mama alichemsha maji ya kunikanda, kisha akakumbuka tumbo limekatazwa. Kanikanda miguu tu. Akiwa pale chini kafungua kile kifundo cha khanga. Kitupu.

Kasema mwenyewe, sikumuuliza. Alikuja na dawa ya uchungu. Jirani yake alimpa, ili mkwe azae bila kisu. Mwanawe alimtajia siku, hakumweleza sababu. Mwanaume anaona haya kumsimulia mama yake habari za kondo. Siku ile ya kuchangia damu alimuuliza nesi, nesi akamweleza. Akaenda kuitupa chooni. Alibaki anafunga kifundo kitupu kwa aibu.

Kwa hiyo wiki nzima ilikuwemo humu ndani, na mimi sikukosea kuhisi.

"Sikukutilia, mwanangu. Nilikuwa nangoja nikuombe kwanza."

Nimemwamini. Nimeliandika hapa, kesho nilisome tena.

Mshono nimeukagua kwa kioo cha mkononi. Umenyooka. Kushoto daktari kavuta uzi kidogo. Sitamwambia.

Mtoto kalala. Nimekunywa kikombe kizima cha matembele, nikakunja uso. Vidonge pia. Mpapai umestawi kuliko mtu yeyote nyumba hii.

Mlangoni kuna kandambili mpya, za bluu. Kubwa kidogo. Sijauliza nani kaleta.