Naibu Gavana Aja Southall Kutusimamia Kura

Jumamosi, Hounslow. Rasharasha tangu asubuhi. Nimerudi nyumbani na hasira, hata chai hainishuki.

Leo, kwenye ukumbi mmoja wa Southall, chama chetu cha watu wa kaunti moja hapa London kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Ni chama cha kuzikana na kupokeana airport, basi. Lakini naibu gavana alipanda ndege kutoka nyumbani kuja kutusimamia kura, na wasaidizi wa kumbebea koti.

Kenya sheria haimruhusu hata kugusa sanduku la kura. Hiyo ni kazi ya tume ya uchaguzi. Labda ndiyo maana alikuja kujiliwaza kwetu.

Wagombea walikuwa wawili. Nduku ni nesi; mtu wetu akifariki huku, yeye ndiye huhangaika mpaka mwili ufike kwao. Maluki ni shemeji ya naibu gavana. Sijawahi kumwona kwenye matanga hata moja.

Nduku alikuja na karatasi za kura. Mheshimiwa akazisukuma kando kama sahani chafu. "Za nini hizi? Sisi ni familia. Pangeni foleni nyuma ya mnayemtaka."

Mlolongo! Watu wazima, wengine tumetoka night shift moja kwa moja, tukapangwa kama wazee wetu walivyopangwa kwenye kura ya 1988, enzi za chama kimoja. Mzee Singh, mwenye ukumbi, ni mzaliwa wa Kisumu. Alitutazama kutoka mlangoni akatikisa kichwa. "Kumbe hii kitu haikufa?"

Nilisimama nyuma ya Nduku. Mstari wetu ulifika jikoni ukakunja kona. Nyuma ya Maluki walikuwa wale wasaidizi, na jamaa wachache waliotaka kupiga picha na mkubwa.

Naibu gavana akatazama huku, akatazama kule, akashika maikrofoni na kumtangaza Maluki.

Wala hakupepesa jicho.

"Mheshimiwa," Nduku akasema taratibu, "kwani macho yako yameona nini?"

"Mama, hata nyumbani tunafanya hivi."

"Ndiyo sababu tuko huku."

Nduku akavaa koti lake, akatoka. Mstari mzima tukamfuata nje kwenye mvua. Mzee Singh akatuhurumia, akatufungulia chumba cha nyuma anamoweka viti. Nilidhani tutamshangilia Nduku yaishe. Akakataa. Akatugawia karatasi zake, kila mtu akaandika jina akijificha kwa mkono, kwa sababu, alisema, huenda hata yeye kuna asiyemtaka.

Na kweli, kura chache zilimkataa. Alizisoma kwa sauti, kisha akatushukuru sote.

Jioni hii mheshimiwa ametundika picha Facebook: ameimarisha demokrasia ughaibuni. Anatabasamu na Maluki, na ukumbi mzima nyuma yao ni viti vitupu.

Mtu anajifunza wapi kutoona aibu hivyo? Sijui. Mimi nina shift asubuhi, na mwenyekiti wangu ni Nduku.