Niliona Nusu ya Uso

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Presha yako vipi? Na kaka, tangu akatwe mguu, analala? Mimi mzima, cherehani inanguruma.

Mpelelezi kaja tena dukani na picha ya yule dereva wa gari la mkate. Anataka niseme, "Ndiye aliyemgonga kaka." Nimemwambia huenda ndiye. Niliona nusu ya uso, tena kwenye kioo chenye mvua. Gari lilikuwa jeupe, hilo naapa. Uso siapi.

Binti yako

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Presha ipo. Kaka yako hajambo kwa mdomo tu.

Miaka thelathini nimesahihisha hesabu: vema au kosa. Sijawahi kuandika "huenda" kwenye daftari la mtoto. Ama ni yeye, ama si yeye! Kesi ni tarehe ishirini. Ukienda kumung'unya maneno mbele ya hakimu, kwangu usije.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Sitamung'unya. Nitasema wanisikie mpaka nje: naelekea kuamini ni yeye, ila si kiasi cha kumfunga mtu. Usiniite mwoga. Mwoga angesema ndiyo, apate sifa nyumbani. Kwamba nampenda kaka, nina hakika. Kuhusu dereva sina, na siwezi kuazima ya kwako.

Binti yako

2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne bila jibu. Hamjambo?

Najua mlimleta kaka kliniki mkazunguka mtaa wa nyuma, msilione duka langu. Dereva kaachiwa. Labda nimemwokoa mwenye hatia. Wazo hilo naamka nalo, na kesho ningesema vilevile. Mwisho wa mwezi nakuja kupunguza suruali za kaka. Ukitaka nifukuze.

Binti yako

19 Agosti

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Ijumaa nilikuja huko mjini, sikukwambia. Nilimngoja yule dereva nje ya kiwanda cha mikate, fimbo mkononi. Nilitaka nimtazame machoni tu, nijue. Alisimama hatua mbili mbele yangu, mchana kweupe, akanisalimia, "Shikamoo, mzee." Nikamtazama weee. Sikujua. Nikaitikia, nikapanda gari kurudi.

Bado nina hasira nawe. Kaka yako anasema usithubutu kukata suruali hata moja, mguu wa bandia unakuja. Pita mlango wa jikoni. Wa mbele umevimba, haufunguki.

Baba yako