Zamu Moja ya Kufunga Upinde

Dada yangu Ndinda,

Natumai goti limepoa, na kwamba shemeji bado anakugombeza usibebe maji. Mimi ni mzima hapa Pipeline, ghorofa ya tano, ambapo jua huwafikia watu wa jengo la ng'ambo tu.

Umeniuliza kama yule jirani aliyemuua kaka yetu Mulwa siku tuliyofukuzwa shambani aje Nairobi kuniomba msamaha. Kabla sijajibu, nikusimulie jambo.

Jumapili baada ya kanisa mimi hucheza na majirani mchezo wa mezani. Kila mtu huunda shujaa wake, Mwende fundi wa nguo husimulia hatari zinazotukabili, na dadu huamua nani atapona. Kanuni za silaha waliniachia mimi, kwa kuwa nimewahi kushika upinde. Shujaa wangu nikamwita Mulwa, nikaupa upinde wake nguvu za kutisha: mshale mmoja, adui chini.

Juzi Kamau, dereva wa lori, akachoka.

"Mzee, hiyo upinde yako ni noma! Sasa hii panga yangu ni ya kukata sukuma wiki ama? Hebu sawazisha."

"Kata tu," nikamwambia, "ukifika."

Mwende hakucheka. Babake alikuwa mwindaji Kitui. "Mzee, tuseme ukweli. Upinde ukipumzika hulegezwa kamba, ndio mti usichoke. Ukivamiwa lazima uufunge kamba kwanza. Hiyo ni zamu nzima imekupita."

Niliweka kalamu chini. Wewe unajua kwa nini. Baba alimfunza Mulwa kulegeza kamba kila akirudi nyumbani, na mchana ule upinde ulikuwa ukutani, umelegea, yule jirani alipoingia na panga. Ndani ya mchezo nilikuwa nimempa kaka yetu kile alichokikosa.

Lakini Mwende alisema kweli, nami siwezi kuandika kanuni ya uongo. Nikaandika: kufunga kamba ni zamu moja, na mwenye panga akiwa karibu hupiga kwanza. Kamau akarusha dadu. Shujaa wangu akaanguka kabla hajagusa mshale.

Meza nzima ikashangilia. "Pole, Mzee! Unda mwingine!"

Mulwa hana mwingine, Ndinda.

Basi mwambie yule jirani aje. Sitamtukana, wala sitamnyima chai. Nitamketisha mezani nimpe upinde uliolegea, panga nichukue mimi. Ataomba ile zamu moja. Ataiomba mbele ya watu, kwa sauti, aeleze anaitakia nini. Nami sitampa. Msamaha nao sina; aliyekuwa nao ni Mulwa, na huyo jirani alimkuta akinyoosha mkono ukutani kuufikia upinde.

Nisalimie shemeji, na binti yako mwalimu, na mama mkwe wako asiyeishiwa na maombi. Mjane wa Mulwa umsomee barua hii kabla ya kumpelekea yule jibu. Akitaka kuja kutazama, kiti chake kipo.

Ni mimi kaka yako,
Nzioka