Siti ya Katikati

4 Machi

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Nyonga inaendeleaje? Natumaini ule mkanda wa kiuno niliokutumia unauvaa, hujaukata ukaufanya mshikio wa begi. Sisi huku hatujambo. Mdogo ana miezi minane na meno mawili. Kaka yake wa miaka mitatu ameanza kung'ata ili kulipiza. Mdadisi, mkubwa wao, anatimiza miaka mitano mwezi ujao na anauliza maswali mpaka baba yake anajificha chooni.

Naandika kwa sababu simu hutaki, unasema maneno ya simu hayana ushahidi. Gari letu limekufa. Fundi gereji alilifungua, akalitazama, akafunika boneti taratibu kama anayefunika maiti. Nataka jingine, na wewe unaishi mtaa wa mayadi, umeshona siti za magari miaka thelathini, hakuna muuzaji wa kukudanganya. Liwe na nafasi na lisinywe mafuta. Nyuma vitakaa viti vitatu vya watoto, vile vinavyofungwa kwa mkanda wa gari. Kila kimoja kina upana wa sentimita 44, nimevipima mwenyewe.

Ukipata la siti saba ni bora zaidi. Mwisho wa mwezi wa nane nakuja kukuchukua uhamie kwetu, kama tulivyokubaliana. Basi la saa tisa njiani nyonga yako haiwezi, na siwezi kulala vizuri nikijua ngazi ya karakana unamolala unaipanda kwa magoti. Kwa hiyo tuhesabu sita: mimi, mume wangu mwalimu, watoto watatu, na wewe.

Pesa nimeshaziweka kwenye akaunti yako.

Mwanao

*

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nyonga ipo, haijahama. Nashukuru kwa kunijulia hali.

Umenisalimia vizuri halafu ukanikosea hesabu. Watoto watatu wametoka wapi? Mimi nina wajukuu wawili. Yule mwingine ni abiria, alipandia njiani. Mumeo alikuja kwako naye mkononi, mama yake amezikwa hata mwaka haujaisha, na wewe ukafungua mlango. Mimi sikuulizwa. Nililetewa tarehe ya harusi kama mtu anavyoletewa bili ya maji. Mwalimu wa hesabu gani asiyejua kwamba swali la kwanza humalizwa ndipo lianze la pili?

Tuje kwenye kazi. Nimezunguka yadi tisa kwa mguu mmoja mzima. La siti saba lipo, linakunywa lita 9.8 kwa kilomita mia. La siti tano, jeupe, injini ndogo, linakunywa 5.2. Kutoka kwangu hadi kwenu ni kilomita 640. La kwanza litakula lita 62.72, la pili 33.28. Tofauti ni lita 29.44, ndoo moja na nusu unaimwaga barabarani kila safari, na kurudi ni hivyo hivyo.

Siti ya nyuma ya hilo jeupe nimeipima, ni sentimita 131. Sentimita tatu nimeshatoa, unaijua tepu yangu. Viti vyako vitatu ni 132. Haviingii, kwa sentimita moja. Viti viwili ni 88, vinaacha 43 katikati. Mtu mzima mkondefu anakaa hapo bila kumsumbua mtu. Nimejipima nikiwa nimekaa: 38.

Abiria ana bibi yake mzaa mama, kilomita nne kutoka kwenu, uliniambia mwenyewe. Apelekwe huko. Siyo ukatili, ni nafasi.

Baba yako

*

29 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na mzunguko wa yadi tisa. Huku mdogo alikuwa na mafua, sasa ameyahamishia kwa mwalimu.

Barua zako huwa nazisoma kwa sauti mezani. Hilo hukulijua, na kosa ni langu. Watoto wanapenda zile hesabu zako hata wasipozielewa. Safari hii nilishafika kwenye neno abiria kabla macho hayajaniokoa. Nikaikunja barua, lakini lilikuwa limeshatoka. Mdadisi akamwuliza baba yake abiria ni nani. Mwalimu akasema ni mtu aliyepanda gari. Mtoto akafikiri, akala vijiko viwili, kisha akauliza, "Na anashukia wapi?"

Tangu siku hiyo anakula amevaa viatu. Nikimvua anavaa tena. Hasemi kwa nini, naye ni mtoto wa kusema kila kitu.

Kwa bibi yake haendi. Amekaa nami tangu hajaanza kutambaa, kama unataka hesabu. Nitafutie lile la siti saba. Hizo lita ishirini na tisa nitazilipa mimi na sitalalamika, maana nataka twende sote sita na pasiwe na mtu wa kubanwa. Na neno lile usiniandikie tena.

Mwanao

*

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mafua ya mwalimu yatapona, ya wanaume wa chaki huchukua wiki.

Barua yako imechelewa. Jeupe nimeshalinunua. Kulikuwa na daktari wa meno analizunguka tangu asubuhi, akipiga matairi mateke kama aliyetumwa, na mimi gari zuri siliachii mtu aliye na pesa na hana akili. Karatasi zote ziko kwa jina lako. La siti saba lilikuwa na kutu chini ya zulia, nisingekupa hata bure.

Naona huna furaha, kwa hiyo nimekuongezea zawadi. Siti zote nimezivalisha upya, ngozi bandia ya kahawia, daraja la kwanza, haishiki maziwa wala matapishi. Siku sita nimekaa juu ya kigoda kwa nyonga hii. Mteja mwingine ningemtoza mpaka akae chini. Dereva analileta wiki ijayo.

Nimemwambia mwenye nyumba kwamba karakana naiachia mwisho wa mwezi wa nane. Cherehani ile kubwa nimeshaiuza. Nitakuja na begi moja na tepu.

Baba yako

*

8 Mei

Baba,

Shikamoo. Nyonga vipi baada ya siku sita za kigoda? Sisi wazima.

Gari limefika salama. Ni kweli halinywi mafuta, mwalimu anaitazama geji kama anayetazama mtoto anayelala. Siti ni nzuri kuliko sebule yetu. Asante.

Nina maswali mawili. Nimepima siti ya nyuma mara tatu, na kila mara ni 134. Wewe uliniandikia 131. Tepu yako ya zamani ilikatwa sentimita tatu za mwanzo na mlango wa lori kabla sijaanza shule, na karakana nzima ikawa inasoma namba kisha inatoa tatu. Mimi kutoa nilijifunzia hapo. Lakini hiyo tepu ilishatupwa. Nilikununulia mpya mwaka jana, nzima, inaanzia sifuri. Ulitoa tatu za nini?

La pili, mkanda wa katikati siuoni. Wa kulia upo, wa kushoto upo. Katikati nimepapasa mpaka kucha zimekatika. Bila mkanda kiti cha tatu hakifungiki. Dereva anaapa hakugusa kitu. Niandikie uko wapi.

Mwanao

*

21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nyonga inauma, umeuliza, nimekujibu.

Hizo tatu ni mazoea. Mtu aliyetoa tatu kwa miaka ishirini na tano haachi kwa sababu ameletewa tepu ya dukani. Ukitaka kunifunga kwa hilo, nifunge.

Mkanda wa katikati magari mengine hayana. Na hata usipokuwepo, nani anauhitaji? Mimi nimekaa kwenye magari miaka sitini na nane bila kufungwa kama mbuzi.

Sasa nisikilize, kwa kuwa unanihoji kama polisi. Hakuna anayenifundisha mimi habari za kubeba mtoto wa mtu. Mama yako alikuja kwangu na masanduku mawili na wewe. Sikuuliza baba yako ni nani wala yuko wapi. Nikakulisha kwa sindano, nikakusomesha kwa sindano, mama yako akafa nikabaki nawe, na sindano hiyo hiyo. Najua inagharimu nini, najua na malipo yake. Malipo yake ni kwamba ukizeeka unaomba sentimita 43 nyuma ya gari, na unaambiwa zina mwenyewe. Mtoto wa kuokota ukimpa siti, atakuja akushushe. Nakuambia nikiwa shahidi.

Wasalimie wajukuu wangu wawili.

Baba yako

*

30 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole na nyonga.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza hasira ipoe, niandike nikiwa na namba tu. Haijapoa yote.

Jumamosi moja mchana nilichukua wembe nikaingia nyuma ya gari. Mshono wa katikati ulikuwa mishono tisa mbele, mmoja nyuma, tisa mbele, mmoja nyuma. Mtaa mzima wa mayadi hakuna anayeshona hivyo ila wewe, na mimi uliyenifundisha. Angekuwa fundi mwingine ningekutafutia udhuru. Nilifumua sentimita kumi na nane. Mkanda ulikuwa ndani, umekunjwa, umefungwa kwa uzi, umeviringishwa kitambaa laini ili usigonge wala usifanye kinundu. Hata kifungo chake ulikipaka mafuta kisishike kutu. Kazi safi. Sijui fundi anafikiria nini anapoficha mkanda wa mtoto kwa ustadi namna hiyo.

Mdadisi alikuwa ameketi mlangoni mwa gari akinishikia kibati cha pini. Akauliza nani aliuficha. Nikamwambia. Akauliza, "Alijua ni wangu?" Nikasema alijua.

Nimeushona upya ule ufa, mkanda ukatokea katikati, tisa mbele, mmoja nyuma. Viti vitatu vimekaa. 132 ndani ya 134, zimebaki sentimita mbili.

Mwalimu, ambaye humpendi, ndiye aliyekutetea. Alisema nivitoe viti, nije peke yangu na siti nne tupu, nikulete. Nikamwuliza, na Jumapili inayofuata, tukitaka kutoka sote, nani atabaki nyumbani? Akaenda kukaza mikanda ya viti. Wewe usingefanya hivyo. Wewe ungemtaja, tena mbele yake, akiwa na viatu vyake miguuni.

Umenikumbusha kwamba ulinibeba. Ni kweli, sijasahau. Nilikuwa na miaka minne na pikapu yako ilikuwa na siti mbili. Ulinishonea kiti cha sponji kikae katikati yenu, wewe na mama, cha bluu, chenye mkanda uliokata kwenye lori bovu, na hukuondoka mpaka umeuvuta mara mbili. Ndiyo maana nilidhani wewe kati ya watu wote huhitaji kuelezwa.

Niliomba gari la watu sita, na wa sita ulikuwa wewe. Ukanichagulia la watu watano kwa hesabu yako mwenyewe, lita 5.2 kwa kilomita mia. Hesabu haina kosa. Mimi, mwalimu, watoto watatu. Gari limejaa.

Kwa mwenye nyumba rudi umwambie hutoki. Kila mwezi nitakutumia ya dawa na ya kodi, kwa tarehe ile ile, haitachelewa. Mwisho wa mwezi wa nane usinisubiri.

Mtoto wa mke wako

*

3 Septemba

Mwanangu,

Natumaini mu wazima. Mimi mzima, nyonga ndiyo hiyo. Wasalimie wajukuu wangu, wote watatu.

Mwenye nyumba alikataa. Karakana alishampa muuza matairi, na mkataba ni mkataba, ningefanya vivyo hivyo. Nalala kwa fundi rangi, nyuma ya chumba cha makopo. Mchana muuza matairi ameniruhusu kukaa mlangoni pake kwenye siti moja ya gari lililogongwa. Wateja wangu wa zamani wakija nawaelekeza kwa fundi mwingine. Pesa zako zimefika, tarehe ile ile kama ulivyosema.

Mwisho wa mwezi wa nane nilikaa hapo na begi siku nne, nikidhani huenda barua ya Juni uliiandika na hasira. Yalipita magari kumi na saba ya namna ile, meupe. Mawili yalisimama. La kwanza lilitaka tairi, la pili liliuliza njia.

Kuhusu mshono sina la kubisha. Ni wangu.

Nimerudia ile hesabu yako ya siti ya nyuma, kwa kuwa sina kazi nyingine, na iko sawa. Leo asubuhi nimejipima tena nikiwa nimekaa. Nimetumia tepu mpya, ile uliyoninunulia, na sikutoa kitu. Ni 34, Machi zilikuwa 38. Ukiondoa zile sentimita mbili zilizobaki kwenye siti yenu, bado nazidi kwa 32.

Baba yako