Betri Uliyowaletea Samaki wa Iringa

Iringa, Agosti 1978

Tata, baba yangu,

Nakuandikia nikijua hakuna posta itakayokufikishia barua hii. Mwaka umepita tangu tukuzike Ilomba, Mbeya, na kila nilipotaka kushika kalamu nilijisingizia madaftari ya kusahihisha. Leo madaftari yamekwisha.

Unakumbuka nilivyokutumia ujumbe kwa dereva wa lori? Nilikuwa mwalimu mgeni, mwaka wangu wa kwanza, nimekabidhiwa maabara ya baiolojia na lile tangi la kioo. Samaki wake walitoka Ziwa Nyasa, wadogo, wa buluu, na uhai wao ulitegemea kipampu cha umeme kilichosukuma hewa majini. Umeme ukawa haukai. Ukikatika, walipanda juu midomo wazi, nami nikawa nayakoroga maji kwa bakuli mpaka mkono unakufa ganzi. Wanne walishakufa. Mkaguzi alikuwa anatarajiwa, na mkuu wa shule alisema wakifa waliobaki anajua nani wa kuulizwa. Nilimwomba dereva akuambie tu kwamba umeme unakatika, samaki wanakufa, nami nimekwama.

Siku ya tatu ukafika. Ulishuka kwenye lori umeikumbatia betri, umevaa ile suruali ya kazi iliyotobolewa na asidi, kwa sababu dereva hakukupa nafasi ya kupita nyumbani kubadili. Nilifurahi kukuona, Tata, hilo naapa. Furaha ilidumu mpaka mkuu wa shule alipotokea mlangoni.

Kuna jambo hukulijua. Nilikuwa nimewaambia walimu wenzangu kwamba baba yangu ni karani, yuko ofisini Mbeya. Wala hakuna aliyeniuliza. Walikuwa wanatajiana kazi za baba zao chumba cha walimu, nikaona haya kusema kwamba wangu anachaji betri za redio za watu kwenye kibanda cha bati.

"Huyu nani?" mkuu aliuliza.

"Ni fundi, mkuu. Nimemwagiza kutoka Mbeya."

Ulinitazama mara moja tu. Kisha ukavua kofia ukamwambia, "Shikamoo, mkuu." Wewe uliyemzidi si chini ya miaka kumi! Naye akaitikia marahaba, akaenda zake. Nami nikakuongoza hadi kwenye tangi kama fundi yeyote.

Ulifanya kazi mpaka mchana. Ulichukua mota ya waipa ya lori bovu, ukaifunga kwenye pampu ya baiskeli ili iisukume na kuivuta, ukapitisha mpira mwembamba hadi chini ya tangi. Ukaweka na kiswichi chenye sumaku: umeme ukiwepo, sumaku inakishikilia; ukikatika, kinaachia na betri inaanza kazi yenyewe. Ulichomoa waya wa ukutani kujaribu. Mota ikanguruma, mapovu yakapanda, na wewe ukacheka peke yako.

"Betri ikipungua maji usiitilie ya bomba, utaiua hii," ulisema. "Kinga ya mvua, uweke kwenye chupa safi. Umesikia, Mwalimu?"

Mwalimu. Tangu nizaliwe ulikuwa unaniita Mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. Siku ile uliniita Mwalimu, na hukurudi tena kwenye lile jina, hata nilipokuja nyumbani likizo. Nilidhani umenikasirikia. Sasa nadhani uliogopa tu usije ukaniaibisha mbele ya watu.

Wapishi wa shule ndio waliokupa ugali, ukala nao nyuma ya jiko. Nilikuona dirishani. Nyumba yangu ilikuwa hatua chache kutoka pale, na maharage yalikuwa tayari.

Samaki walipona. Mkaguzi alinisifu mbele ya walimu wote kwa ubunifu, nikasema asante.

Kwenye msiba wako, mama alinishika mkono akaniambia, "Baba yako alikuwa hachoki kusimulia safari ya Iringa. Ati ulimpikia kuku, mkuu wa shule mwenyewe akaja kula naye meza moja!" Majirani wakaitikia kwamba hata wao wanaijua hiyo ya kuku. Nililia, wakadhani nalia kama wafiwa wengine. Ulinifichia, Tata. Ulirudi na ugali wa wapishi tumboni ukawapelekea watu habari za kuku.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kilolo kumtafuta yule mkuu, maana alishastaafu na sasa analima. Nilitaka angalau mtu mmoja aliyekuwapo asikie ukweli. Alinikaribisha vizuri. Samaki aliwakumbuka, mkaguzi alimkumbuka, hata mapovu.

"Na yule fundi?" nikamwuliza.

"Fundi gani?"

Nikamweleza, suruali, kofia, betri. Alifikiri sana, akatikisa kichwa. Nikamwambia yule hakuwa mtu wa kuagizwa, alikuwa baba yangu mzazi, nami nilikukana mbele yake.

Akasema, "Pole sana, mwalimu." Halafu akaniuliza kama wale samaki bado wapo.

Nisamehe, Tata. Pumzika huko uliko, mimi nitaendelea kukutaja huku.

Ni mimi, mwanao,
Mama